Mwana wa Mkulima wa Nyanya: Wasifu wa Sidney Poitier

Mwaka 1935 ilitolewa nchini Uingereza filamu iitwayo Sanders of the River, ambayo ndani yake, miongoni mwa watu waliolipwa kusimama nyuma ya waigizaji wakuu na kujaza uwanja, alikuwamo Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi mwenye dhiki mjini London, ambaye hakuna aliyemdhania kuwa siku moja angekuwa Rais wa dola huru. Filamu hiyo ilimtukuza mtawala mzungu wa Nigeria, ikawaonyesha raia wake kuwa ni kama watoto wasioweza kukaa kwa salama pasipo amri yake. Na mwigizaji wake mkuu mweusi, Paul Robeson, Mmarekani aliyesomea sheria na kujaaliwa sauti isiyo na mfano, alipoiona imekwisha kuungwa alijuta, kwa kuwa aliikubali kazi ile kwa dhana kwamba itawapa Waafrika heshima yao, na baadaye akaikana hadharani. Habari hii naitanguliza kwa sababu mtu aliyekuja baada ya Robeson, ambaye wasifu wake ndio makusudi ya makala haya, hawezi kupimwa kwa haki na yeyote asiyejua sura ya mtu mweusi ilikuwa milki ya nani kabla yake.

Nchini Marekani kwenyewe hali ilikuwa ya kusikitisha zaidi. Filamu maarufu ya mwaka 1915, The Birth of a Nation, iliwatumia wazungu waliopakwa rangi nyeusi nyusoni ili kuwafanyia tashtiti watu weusi na kulisifu kundi la Ku Klux Klan. Na hata weusi wenyewe walipoanza kukubaliwa mbele ya kamera, walikubaliwa kwa sharti la kuwa wavivu wenye kuchekesha, au wapishi, au watumishi wa kufungua milango. Hattie McDaniel, mwanamke wa kwanza mweusi kupata tuzo ya Oscar, aliipata mwaka 1940 kwa kuigiza mjakazi, na usiku alipotunukiwa aliketi kwenye meza ya peke yake kando ya ukumbi, mbali na wenziwe aliofanya nao kazi. Hiyo ndiyo nyumba aliyoikuta Sidney Poitier alipobisha hodi.

Alizaliwa tarehe 20 Februari 1927 mjini Miami, katika jimbo la Florida, si kwa kuwa wazazi wake walikuwa wenyeji wa hapo, bali kwa kuwa Reginald na Evelyn Poitier, wakulima wa nyanya wa Kisiwa cha Cat katika visiwa vya Bahamas, walikuwa wamevuka bahari kwenda kuuza mazao yao, na mtoto akaja kabla ya miezi yake kutimia. Alikuwa mdogo mno, hata baba yake, aliyekwisha kuzika watoto wengine, akatafuta bweta la viatu la kumzikia. Lakini mama hakukubali, akatoka akaenda kwa mwaguzi, naye akamwambia kwamba mtoto ataishi, atasafiri karibu dunia nzima na kutembea na wafalme. Katika visiwa vyetu vya Afrika Mashariki wazee wasingeliona neno hilo kuwa la ajabu. Wala sisemi kwamba ramli ndiyo iliyomponya; nasema kwamba mama aliyekataa bweta la viatu alimpa mwanawe urithi wake wa kwanza, nao ni kukataa.

Kisiwa cha Cat hakikuwa na umeme wala maji ya bomba, na Sidney, kitinda mimba wa familia yake, alikulia pwani kwa kuogelea, kuvua na kufuata nyayo za baba yake shambani. Serikali ya Florida ilipozuia nyanya za Bahamas kuingia huko, riziki ya nyumba ikakatika, wakahamia Nassau, na huko kijana wa miaka kama kumi akaona kwa mara ya kwanza motokaa, kioo cha kujitazama, na sinema. Yeye mwenyewe alikuwa akihadithia kwamba filamu ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya wachunga ng'ombe wa Marekani, na ilipokwisha alikimbia nyuma ya jengo akasimama mlangoni, akingoja farasi na ng'ombe watolewe nje.

Alipofika miaka kumi na mitano wazazi, wakihofia kwamba mji utamharibu, walimpeleka Miami kwa kaka yake. Huko ndiko alikojua kuwa yeye ni mweusi, kwa maana ambayo Wamarekani walilipa neno hilo. Maana katika kisiwa alikotoka karibu watu wote walikuwa weusi, na hakuna aliyewahi kumfundisha kuinamisha macho. Siku moja alitumwa kupeleka mzigo nyumbani kwa mzungu, akabisha mlango wa mbele, na bibi wa nyumba akamwamuru azunguke nyuma. Naye, asiyeelewa sababu yake, akauweka mzigo chini akaenda zake. Baada ya muda watu wa Klan wakafika nyumbani kwa kaka yake kumtafuta. Haukupita muda mrefu akauacha mji huo, akaenda New York, akiwa na miaka kumi na sita na fedha kidogo mfukoni, akalala vituoni na juu ya mapaa, akaosha vyombo mahotelini, akaingia jeshini kwa kudanganya umri, akatoka, akarudi kwenye masinki ya vyombo.

Sasa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwigizaji alipozaliwa mara ya pili. Katika gazeti la watu weusi la Harlem, alipokuwa akitafuta kazi ya kuosha vyombo, aliona tangazo la kuitwa waigizaji, akaona hiyo nayo ni kazi, akaenda katika American Negro Theatre. Frederick O'Neal, mmoja wa waasisi wa jumuia hiyo, alimpa kitabu cha mchezo akamwambia asome. Poitier, ambaye alikuwa amepata muda mchache sana wa shule, alisoma neno moja moja kwa kukwama, na kwa lafudhi nzito ya Bahamas. Hakufika mbali, mzee yule akamnyang'anya kitabu, akamshika nyuma ya shingo akamtoa nje, akimwambia aache kupoteza wakati wa watu na akatafute kazi ya kuosha vyombo. Neno hilo lilimchoma kwa sababu hakuwa amemwambia kazi yake. Akiwa njiani kurudi alijiuliza mtu yule ameona nini usoni mwake hata akaijua ajali yake, akaazimia kuwa mwigizaji walau kwa ajili ya kumwonyesha kuwa amekosea.

Basi alinunua redio, akawa kila usiku anawasikiliza watangazaji na kuyafuatisha maneno yao kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka lafudhi ya kisiwani ikalainika. Na katika mkahawa mmoja alipokuwa akiosha vyombo, mhudumu mmoja mzee, Myahudi, alipomwona amelishika gazeti asiweze kulisoma vizuri, aliketi naye usiku hata usiku baada ya wateja kuondoka, akimsomesha habari za siku, akimwonyesha nukta ni ya nini na mkato ni wa nini, na jinsi ya kulitamka neno refu kwa kuligawa. Poitier alimtaja mzee huyo mpaka uzeeni mwake, na machozi yalimlengalenga alipomtaja. Watu waliosifu matamshi yake yaliyonyooka, na wale waliomlaumu kwa matamshi hayohayo wakisema kuwa amejifanya mzungu, wengi wao hawakujua kuwa kila neno lililotoka kinywani mwake lilichumwa kwa jasho kati ya sinki na redio.

Baada ya miezi kama sita alirudi palepale alipofukuzwa, na alipoona hawamtaki kwa kipaji chake akajitolea kufagia na kusafisha jengo bila ya malipo ili aruhusiwe kusoma. Huko akafahamiana na kijana mwingine mwenye asili ya visiwani, Harry Belafonte, ambaye alikuwa na sehemu katika mchezo mmoja, na Poitier akawekwa kuwa badala yake. Siku ambayo Belafonte hakuweza kuhudhuria, Poitier alipanda jukwaani, na mwongozaji aliyekuwapo akamchukua katika mchezo wa Lysistrata uliochezwa Broadway mwaka 1946. Usiku wa kwanza hofu ilimvaa akayachanganya maneno yote, watazamaji wakacheka wakidhani ndivyo ulivyoandikwa, na magazeti yakamsifu. Mchezo wenyewe haukudumu hata juma zima.

Filamu yake kubwa ya kwanza, No Way Out, ilitoka mwaka 1950, naye akaigiza daktari mweusi anayemtibu mzungu mwenye chuki. Serikali ya kikoloni ya Bahamas iliipiga marufuku, lakini watu weusi wa Nassau, waliotaka kumwona mwana wao, walipinga kwa umoja mpaka marufuku ikaondolewa, na vuguvugu lile likawa moja ya vyanzo vya siasa ya ukombozi wa visiwa hivyo. Wazazi wake wakamwona juu ya pazia kwa mara ya kwanza. Kisha alikwenda Afrika Kusini katika filamu ya Cry, the Beloved Country, pamoja na mwigizaji Canada Lee, na ili waweze kuingia nchini humo iliwapasa waandikwe kuwa ni watumishi wa kandarasi wa Zoltan Korda, mwongozaji wao.

Ajabu ni kwamba baada ya heshima hizo alirudi katika dhiki, akawa na mke na mtoto na mkahawa mdogo usioleta faida. Wakati huo dalali mmoja wa waigizaji, Martin Baum, alimpa mswada wa filamu yenye sehemu ya mfanyakazi mweusi ambaye, baada ya kuona uovu wa majambazi, anauawa bintiye ili atishwe, na mwili wa mtoto unatupwa mbele ya nyumba yake, naye hafanyi neno. Malipo yalikuwa dola 750 kwa wiki. Mke wa Poitier alikuwa karibu kujifungua mtoto wa pili, na fedha za hospitali hazikuwapo. Hata hivyo aliikataa kazi hiyo, akaenda akaweka rehani samani za nyumba yake apate dola 75 za kulipia uzazi. Dalali hakuielewa sababu, kwa maana mswada haukuwa na tusi wala mzaha. Poitier alieleza baadaye kwamba baba yake, Reginald, pamoja na umaskini wake wote, asingalikaa kimya juu ya maiti ya mwanawe, na kwamba yeye hataigiza mtu ambaye baba yake angemwonea haya. Baum akasema kwamba kijana mwenye wazimu wa namna hiyo yeye atakuwa wakala wake. Na alikuwa hivyo kwa miaka mingi.

Katika maisha yote ya Poitier sioni kitendo kikubwa kuliko hiki, wala siutoi ule usiku wa Oscar. Kucheza vizuri ni kipaji, na wenye kipaji walikuwapo kabla yake, tena wengi, ambao njaa iliwalazimisha kukubali walichopewa, nasi hatuna haki ya kuwalaumu. Lakini kukataa dola 750 ukiwa huna 75 ni jambo jingine kabisa, na ndiyo iliyoibadili kazi hii. Ukakamavu huohuo aliuonyesha katika miaka ileile alipotakiwa na mawakili wa makampuni kutia saini karatasi ya kuwakana Robeson na Canada Lee, walioshutumiwa kwa siasa zao: hakutia saini, na kazi akapata.

Filamu zikafuatana: Blackboard Jungle mwaka 1955, na mwaka huohuo mchezo wa televisheni A Man Is Ten Feet Tall, uliorushwa moja kwa moja hewani na baadaye kufanywa filamu. Mwaka 1957 ikatoka Something of Value, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuijua, kwa kuwa inahusu vita vya Mau Mau na sehemu yake ilipigwa Kenya wakati sheria za hali ya hatari zikingali zinatumika. Poitier ndiye Kimani, kijana wa Kikuyu aliyekua pamoja na mwana wa mlowezi, aliyeigizwa na Rock Hudson, kisha akala kiapo akaingia msituni. Kitabu kilichozaa filamu hiyo kiliandikwa na Robert Ruark kwa jicho la walowezi, na filamu haikuliepuka jicho hilo. Mwisho wake Kimani anakufa shimoni na mtoto wake mchanga anabaki mikononi mwa mzungu. Mwaka huohuo, tarehe 18 Februari, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikuwa amenyongwa. Hata hivyo anayeitazama leo ataona kwamba katika kila tukio ambalo mswada unamtaka Kimani awe mnyama, macho ya Poitier yanakataa, yakabaki macho ya mtu aliyedhulumiwa nyumbani kwake, na huo ndio ukweli pekee wa Kenya uliomo katika filamu ile. Miaka miwili baadaye, mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipotafuta nauli za kuwapeleka vijana 81 vyuoni Marekani, barua ya kuwaomba Wamarekani fedha ilitiwa saini na watu watatu: mchezaji besiboli Jackie Robinson, Belafonte, na Poitier.

The Defiant Ones, ya mwaka 1958, ilimfanya kuwa mwanamume mweusi wa kwanza kupendekezwa kwa Oscar ya mwigizaji bora, na humo alifungwa mnyororo mmoja na mfungwa mzungu. Mwishoni anaruka kutoka garimoshi linalompeleka kwenye uhuru ili asimwache mwenzake. Mwandishi James Baldwin alisimulia kwamba watazamaji wa Harlem walimpigia kelele arudi garini. Nao walikuwa na haki. Tuzo yenyewe aliipata tarehe 13 Aprili 1964 kwa Lilies of the Field, filamu ndogo iliyopigwa kwa wiki mbili hivi, inayomhusu kibarua mpita njia anayewajengea watawa kanisa. Miezi minne baadaye, wakati wengine wangalikuwa bado wanasherehekea, yeye na Belafonte walishuka Mississippi usiku wakiwa na mkoba wenye dola 70,000 taslimu za kuwaauni vijana walioandikisha weusi kupiga kura, na magari ya Klan yakawafukuza barabarani mpaka Greenwood.

Ikaja 1967, mwaka wake wa neema. To Sir, with Love, kutokana na kitabu cha mwalimu kutoka Guyana, E. R. Braithwaite, Guess Who's Coming to Dinner, juu ya ndoa ya mweusi na mzungu, iliyopigwa wakati ndoa hiyo ilikuwa ingali haramu kwa sheria katika majimbo 16, hata Mahakama Kuu ilipozibatilisha sheria hizo tarehe 12 Juni, na In the Heat of the Night, ambayo ndiyo bora ya zote. Humo yeye ni Virgil Tibbs, mpelelezi wa Philadelphia aliyejikuta katika mji mdogo wa Mississippi. Poitier alikataa kwenda kusini, kwa hiyo karibu filamu nzima ilipigwa Sparta, katika jimbo la Illinois, na kwa siku chache walizovuka kuingia Tennessee alilala na bastola chini ya mto.

Tukio ninalotaka msomaji aliangalie kwa makini limo ndani ya banda la vioo la bwana Endicott, tajiri wa pamba, mpenzi wa maua ya okidi. Tibbs anaingia na mkuu wa polisi, anazungumza juu ya maua kwa adabu na kwa maarifa; mtumishi mweusi amesimama na sinia ya vinywaji; kisha Tibbs anauliza swali la upelelezi, na mzee, akitambua kwamba anahojiwa na mtu mweusi, anamzaba kofi. Pale pale, pasipo kupepesa jicho, Tibbs anamrudishia. Hakuna muziki. Mzee anamgeukia mkuu wa polisi amuulize atafanya nini, na mkuu wa polisi hajui. Watu wawili hao wanapotoka, machozi yanamtoka Endicott, na mtumishi anatikisa kichwa. Poitier alisimulia kwamba aliweka sharti kofi lile la pili lisikatwe katika nakala yoyote, hata zile za kusini. Filamu ilipewa Oscar ya filamu bora, katika hafla iliyoahirishwa siku mbili kwa ajili ya maziko ya Martin Luther King. Mwenzake Rod Steiger, aliyeigiza mkuu wa polisi, akapata ya mwigizaji bora. Poitier hakupendekezwa hata jina.

Na mwaka huohuo wa neema ndio alioshambuliwa. Clifford Mason aliandika katika New York Times akiuliza kwa nini Marekani ya wazungu inampenda Poitier kiasi kile, akamlaumu kwamba siku zote ni mwungwana asiye na dosari, asiye na mapenzi wala hasira ya kweli, anayehudumia masilahi ya wazungu. Lawama hiyo ina ukweli, wala Poitier mwenyewe hakuikana yote. Daktari wa Guess Who's Coming to Dinner amekamilika mno hata hana harufu ya binadamu. Lakini waliomlaumu walidai kutoka kwa mtu mmoja kazi ya watu ishirini. Alipokuwa karibu peke yake mbele ya kamera, kila kosa la mhusika wake lingehesabiwa kuwa kosa la taifa zima la weusi, naye alilijua hilo kila asubuhi alipovaa nguo za kazi.

Jawabu alilitoa kwa vitendo. Mwaka 1969 alishirikiana na Paul Newman na Barbra Streisand kuanzisha kampuni yao, First Artists, na mwaka 1972 akaongoza mwenyewe Buck and the Preacher, filamu ya wapanda farasi weusi, ya namna ileile aliyoitazama Nassau. Akaongoza vichekesho vilivyowapa kazi weusi wengi mbele na nyuma ya kamera, na Stir Crazy ya mwaka 1980 ikapita dola milioni 100 nchini Marekani, kiasi ambacho filamu ya mwongozaji mweusi ilikuwa haijawahi kukifikia. Katika televisheni aliigiza mwaka 1991 wakili Thurgood Marshall, yule aliyeitwa na Mboya mwaka 1960 kusaidia kuandika haki za raia katika katiba ya Kenya, na mwaka 1997 akamwigiza Nelson Mandela. Mwaka huo Bahamas ikamfanya balozi wake nchini Japani, kazi aliyoishika miaka kumi.

Tarehe 24 Machi 2002 alipewa Oscar ya heshima, na usiku uleule Denzel Washington akawa mwanamume mweusi wa pili kupata ile ya mwigizaji mkuu bora, baada ya miaka 38. Mwaka 2009 nishani ya juu ya raia wa Marekani alivishwa na Rais Barack Obama, mwana wa Mkenya aliyekwenda Hawaii kusoma mwaka 1959. Alifariki dunia nyumbani kwake Beverly Hills tarehe 6 Januari 2022, akiwa na miaka 94, ameacha mjane na mabinti watano kati ya sita aliowazaa.

Msomaji mwenye wasaa, na hasa kijana wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi aliyeazimia kuishi kwa uigizaji, namsihi asitosheke na kusikia jina lake. Aanze na In the Heat of the Night, kisha airudie Something of Value akimtazama Kimani tu na kuuacha mswada kando, na mwisho aitafute Buck and the Preacher, aone mtu yuleyule alifanya nini kamera ilipokuwa yake.